KRAS G12D kwenye majibu ya mzee: kwa nini cetuximab haimfai

Mkuu, umesema mzee yuko Moshi, ana saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, majibu ya jeni yamekuja na maneno "KRAS G12D", na daktari amesema dawa ya cetuximab haitamsaidia. Unauliza kama hiyo ni kweli au ni suala la bei tu, na kama nyinyi watoto mmerithi. Daktari yuko sahihi. Na hamjarithi.

KRAS ni protini ndogo ya familia ya Ras. Ndugu zake ni HRAS na NRAS. Ina asidi amino 188 au 189, na imejishikiza upande wa ndani wa utando wa seli kwa mkia wenye mafuta. Kazi yake ni kuwaka na kuzima. Ikishika molekuli ndogo iitwayo GDP (yenye fosfeti mbili) imezima, ikishika GTP (yenye fosfeti tatu) imewaka. Kichocheo cha ukuaji kikigusa kipokezi cha EGFR nje ya seli, kipokezi kinavuta protini za Grb2 na SOS. SOS inaifanya Ras iachie GDP, na kwa kuwa ndani ya seli GTP ni nyingi kuliko GDP karibu mara 10, inayoingia ni GTP. Ras iliyowaka inaamsha protini nyingine kwa mnyororo: inaamsha RAF, RAF inaamsha MEK, MEK inaamsha ERK, na ERK ndiyo inayoingia kwenye kiini kuamuru seli igawanyike. Kuna tawi jingine la PI3K linaloisaidia seli isife.

Ugonjwa unaanzia kwenye kuzima. Ras yenyewe ina uwezo wa kukata fosfeti moja ya GTP ibaki GDP, lakini inafanya hivyo polepole mno. Inahitaji protini msaidizi inayoitwa GAP, ambayo huharakisha kazi hiyo karibu mara 100,000 kwa kupenyeza asidi amino yake ya arjinini, kama kidole, hadi palipo na GTP. Sasa, nafasi ya 12 ya Ras inakaa glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, na udogo huo ndio unaokipa kidole nafasi ya kupita. G12D maana yake glisini imeondoka, imekaa asidi aspatiki. Njia imebanwa, GTP haikatwi, Ras inabaki imewaka. Nafasi ya 61 nayo ni muhimu kwa sababu glutamini yake ndiyo inayoweka molekuli ya maji mahali pa kukatia.

Chukua Hiace ya Moshi–Arusha. Abiria akishakaa, konda anagonga bodi, dereva anaondoka. EGFR ni abiria, Ras ni konda, na RAF hadi ERK ni dereva. Cetuximab, inayoziba kipokezi cha EGFR, inamnyamazisha abiria. Konda anayegonga bodi mfululizo bila kungoja abiria haimfikii hata kidogo, kwa hiyo mgonjwa anabaki na vipele, upungufu wa magnesi na gharama, bila faida.

Ninaloliona hatari zaidi ni jibu la kinyume: kuandikiwa "hakuna badiliko" wakati lipo. Angalia kama ripoti inataja KRAS na NRAS zote mbili, eksoni (vipande vya jeni) 2, 3 na 4, yaani kodoni (nafasi za asidi amino) 12, 13, 59, 61, 117 na 146. Kipimo cha eksoni 2 peke yake hakitoshi. Uliza pia asilimia ya seli za saratani kwenye kipande kilichopimwa. Njia ya Sanger ya kusoma DNA inahitaji nakala za jeni zenye badiliko zifike karibu asilimia 15 hadi 20. Seli za saratani zikiwa asilimia 20, na kila moja ina nakala moja mbovu kati ya mbili, unapata asilimia 10 tu, na badiliko linapita bila kuonekana.

Kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara, nacho huharibika njiani. Kiwekwe mara moja kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kinachozuia isigeuke asidi), ujazo wake mara 10 ya kinyama, kwa saa 6 hadi 72. Formalini isiyo na bafa hugeuka asidi na kuikatakata DNA. Kikikaa humo wiki mbili kikisubiri usafiri, maabara inaweza kushindwa kusoma chochote, au ikasoma mabadiliko ya uongo yaliyoletwa na formalini yenyewe.

Kuhusu kurithi: badiliko hili limetokea ndani ya seli ya utumbo mzee akiwa mtu mzima. Hata hivyo, kwa kuwa baba ana saratani ya utumbo, waambieni madaktari wenu. Ratiba yenu ya kuchunguzwa utumbo inaweza kuanza mapema zaidi.

Sotorasib uliyoisoma mtandaoni, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2021 kwa saratani ya mapafu, ni ya G12C. Inajifunga kwenye sisteini iliyokaa nafasi ya 12. Mzee hana sisteini pale, hivyo haina pa kushika. Herufi moja ya mwisho inabadilisha kila kitu, msinunue.

Kilichobaki wazi kwake ni dawa za kemo za kawaida kama FOLFOX au FOLFIRI, pamoja na bevacizumab ikipatikana. Hiyo inashika VEGF, inayochochea mishipa ya damu ya uvimbe, kwa hiyo G12D si sababu ya kumnyima. Muulizeni daktari kuhusu hiyo, na kama uvimbe wa kwenye ini unaweza kukatwa.