Usimfunge punda wako tandiko lile la ubao na sponji

Ndugu yangu wa Sikonge, nimesoma swali lako mara mbili na nimeshindwa kulala kabla ya kukujibu. Umesema unajiandaa kwa safari yako ya kwanza ndefu na punda wawili, kutoka Sikonge hadi Tabora mjini, takriban kilomita 70 kwa siku tatu, ukiwa umebeba asali, na unauliza ununue tandiko gani, kamba gani na hatamu gani, kwato uzitunze vipi, na usiku mtalala wapi. Halafu, katikati ya swali, umetaja kwa kupita tu kwamba umekwisha kumtangulizia fundi nusu ya fedha kwa matandiko ya ubao yenye sponji ya godoro chini yake. Simamisha malipo hayo leo hii.

Tandiko la namna hiyo nililinunua mimi mwaka 2018. Muuzaji wa mnadani aliibonyeza sponji kwa kidole gumba mbele yangu, ikarudi juu, akaniambia kwamba mgongo wa punda utalala humo kama mtu kitandani. Nililipa bila kubishana. Mtu yule alikuwa ameuza matandiko miaka mingi, na bila shaka alikuwa amekwisha kuona migongo iliyochubuka, kwa hiyo siwezi kusema kwamba hakujua. Alijua, akaniuzia, na mpaka leo ninapokutana na punda mwenye kidonda mgongoni katika barabara zetu ninamkumbuka yeye kwa uchungu.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye uzito. Nilihesabu kwamba ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kama ya maji, nikamning'inizia punda ndoo moja kila upande. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ile ni kilo 28 kabla hujapima ndoo yenyewe. Mbili ni kilo 56. Ongeza ubao, blanketi, dumu langu la maji na sufuria, mzigo ulipita kilo 70 juu ya dume ambaye bwana mifugo alimkadiria baadaye kuwa na kilo 140. Yaani nilimbebesha nusu ya mwili wake, na uzito wote ule ulishuka juu ya uti wa mgongo, kwa sababu ubao uliokuwa bapa haukuwa na mahali pengine pa kukaa. Sponji inayorudi juu baada ya kubonyezwa na kidole hulala kabisa chini ya kilo 70, ikabaki kama karatasi, na juu yake ni ubao mtupu.

Siku ya kwanza alitembea vizuri. Siku ya pili, kuanzia saa nane mchana, alianza kugeuza shingo na kuuma ubavu wake, akakunja mgongo, akawa anasimama kila tulipoanza kuteremka. Nilidhani ni ukaidi wa punda, kama tunavyoambiwa tangu utotoni, nikamchapa. Niliendelea kumchapa mpaka jua likazama. Usiku sikulivua tandiko, kwa sababu muuzaji yule alikuwa amenionya kwamba mgongo wenye joto ukifunuliwa utavimba. Alfajiri nilipolivua, blanketi lilibanduka na ngozi.

Kidonda kile kilichukua miezi mitatu kufunga. Ndoo nilizipakia kwenye lori la mtu nikalipa nauli iliyokula faida yote, na punda tulirudi naye polepole bila mzigo. Hata sasa mgongoni ana mabaka mawili ya manyoya meupe, kwani mahali palipogandamizwa sana manyoya huota bila rangi. Ukienda kununua punda, tazama mabaka hayo kwanza. Yatakueleza tandiko alilovalishwa na mwenye kumwuza hata kama mwenyewe amenyamaza.

Bwana mifugo aliyemtibu ndiye aliyenifundisha ninachokusihi sasa ukishike: kitu chochote kisiguse uti wa mgongo. Tandiko la kweli ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti, na katikati pana mfereji ulio wazi kuanzia mbele hadi nyuma. Mito hiyo ishonwe kwa turubai au gunia zito na ijazwe majani makavu yaliyoshindiliwa sawasawa, kwa maana majani hayalali kama sponji, na yakishuka unafumua mshono na kuongeza mengine. Juu yake ziwepo tao mbili za mbao zinazoiunganisha bila kushuka mgongoni, na mzigo uning'inie kwenye tao hizo. Liweke nyuma ya mifupa ya mabega ili miguu ya mbele itembee huru. Punda hana mwinuko mkubwa mabegani kama farasi, kwa hiyo kwenye mteremko tandiko husogea mbele. Ndiyo maana unahitaji mkanda mpana unaozunguka nyuma ya mapaja kulizuia, na mwingine wa kifuani kwa ajili ya kupanda. Mkanda wa tumboni usiwe kamba ya manila, kwa sababu hukata ngozi ikilowa jasho. Tumia mkanda wa pamba au wa ngozi laini, wenye upana wa vidole vinne.

Jambo jingine alilonionyesha ni kusoma jasho. Ukilivua tandiko baada ya mwendo mrefu, mgongo uliolowa jasho kwa usawa ni mgongo salama. Ukiona sehemu ndogo iliyokauka katikati ya jasho, hapo ndipo palipobanwa, na kesho patavimba. Wenzetu wanaoshindana kwa farasi wa masafa marefu hawafanyi mzaha na jambo hili: katika mbio za Tevis Cup huko California, zilizoanza mwaka 1955 na ambazo ni maili 100, yaani kilomita 160 hivi, kwa muda usiozidi saa 24, madaktari wa mifugo humkagua farasi njiani, na asiyefaa kuendelea huondolewa hata kama mpanda farasi bado ana nguvu. Wewe njiani hutakuwa na daktari, kwa hiyo mkono wako ndio daktari.

Aliyekushauri uache punda utafute farasi hajui mbung'o wa misitu yetu, ambao huwaua farasi kwa ugonjwa. Wala si mbung'o peke yake anayewamaliza: msafiri Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akiwa na farasi wawili, na wote walikufa baada ya wiki chache tu, Tabora ikiwa bado mbali.

Hatamu ya kamba laini ya kichwani inatosha. Lijamu, yaani chuma cha mdomoni, huna haja nayo. Asali gawanya iwe ndoo ndogo za lita 10, moja kila upande, na uzipime kwa mizani mpaka zilingane, kwa sababu hata tofauti ya kilo mbili huvuta tandiko upande mmoja na kufunga ule mfereji. Kabla ya safari, tembea nao kilomita kumi wakiwa wamebeba nusu ya mzigo huo, vua, soma jasho, rekebisha mito, kisha rudia siku nyingine mbili. Na usiku wavue, hata kama mmechoka namna gani.

Mimi nipo Ipuli, hapa Tabora mjini, na tandiko langu la sasa linaning'inia ukumbini. Njoo na fundi wako kabla hujampa salio, mlitazame pamoja, na umwombe apitishe kiganja chake kwenye mfereji ule likiwa mgongoni mwa punda na mzigo juu yake. Kisha umwombe afanye hivyo hivyo kwenye lile la ubao.