Eragon: kitabu kwanza, filamu baadaye

Dada wa Uyole, umeuliza kama binti yako wa kidato cha pili umnunulie Eragon, riwaya ya kijana na joka wake, au aangalie filamu tu likizo hii. Mnunulie kitabu. Christopher Paolini alianza kukiandika akiwa na miaka 15, na ujana huo unaonekana: safari zinarefushwa mno. Lakini Saphira, yule joka, ndiye roho ya hadithi. Anaanguliwa, anafichwa msituni, analishwa vipande vya nyama, anakua wiki kwa wiki huku akizoeana na Eragon, kijana anayemlea. Filamu ya 2006 inamkuza ghafla tu akiwa angani, kwa hiyo urafiki wao unakosa mizizi. Tena inawaua Ra'zac, maadui wanaohitajika sana katika kitabu cha pili na cha tatu vya mfululizo huu.

Kiingereza chake kitamsumbua mwanzoni. Asome sura moja kila jioni, asifungue kamusi kila neno, maana atachoka kabla hadithi haijakolea. Maneno ya lugha ya kubuni yana orodha yake mwishoni. Aweke alama hapo. Akimaliza, filamu mwangalie pamoja, akuoneshe kilichokatwa.