Zermatt au Chamonix: niambie kwanza unatelezaje

Kila mwaka ifikapo Oktoba, barua za wasomaji wetu walioko Ulaya hufanana kama mapacha: wameweka akiba kwa ajili ya juma moja la theluji, nao wanataka niwachagulie kati ya Zermatt ya Uswisi na Chamonix ya Ufaransa. Wengi hutaja hoteli, idadi ya mabegi na hata rangi ya makoti, lakini hawataji jambo la pekee ninalolihitaji ili niwajibu, yaani yule aliye dhaifu kuliko wote katika msafara wao anateleza kwenye theluji kwa skii (zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni) kwa kiwango gani.

Swali: Ni wapi kwenye nafuu ya bei? (Wasomaji wanne)

Jibu: Chamonix. Nilisema mwaka jana, na mwaka juzi pia.

Swali: Mimi na mume wangu tumeteleza misimu mitatu, na njia nyekundu, yaani za ugumu wa kati, tunazimudu. Tuna siku 6 mwezi Januari. Twende wapi? (Rotterdam)

Jibu: Ahsante kwa kujieleza kabla ya kuuliza. Nendeni Zermatt. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, lifti zake za kupandisha watelezaji mlimani hufika mita 3,883, na mkiunganisha na Cervinia ya upande wa Italia mnapata njia za takriban kilomita 360, nyingi zikiwa nyekundu ndefu ambazo mtu wa misimu mitatu huzifurahia hadi mapaja yakatetemeka. Chamonix si uwanja mmoja, bali ni bonde lenye maeneo yaliyotengana: Brévent na Flégère, Grands Montets kule Argentière, Balme juu ya Le Tour, na Les Houches mlangoni mwa bonde. Kutoka eneo moja hadi jingine mara nyingi mtapanda basi, skii begani, mkitembea kama roboti kwa sababu ya viatu. Aliyeiva huvumilia hayo yote kwa ajili ya miteremko mikali na theluji isiyopitiwa na mashine. Nyinyi bado hamjaiva, na hilo si aibu.

Mkivuka kwenda Cervinia, angalieni saa na upepo, kwa maana upepo ukizidi kule mpakani lifti husimamishwa bila kumngoja mtu. Mimi niliwahi kunogewa na chakula cha mchana upande wa Italia, na nilipofika kwenye lifti ya kurudi nikakuta taa ya ubaoni imekwisha kuwa nyekundu. Kwa kuwa kuzunguka kwa gari ni safari ya saa kadhaa, nililala hukohuko na soksi zangu mbichi juu ya kipasha joto. Zaidi ya hayo, tangu Januari 2022 sheria ya Italia inamtaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara anayoweza kuwasababishia wengine.

Swali: Nimefika kilele cha Uhuru, kwa hiyo baridi na kimo si tatizo kwangu. Sijawahi kuvaa skii. Je, siku tatu za mafunzo zatosha kuteremka Vallée Blanche pale Chamonix? (Birmingham)

Jibu: Hazitoshi, na barua ya namna hii naipata kila msimu. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, ilikupa mapafu na magoti, lakini haikukufundisha kugeuka wala kusimama. Vallée Blanche haijaandaliwa wala haina doria: ni takriban kilomita 20 juu ya barafuto, yaani mto wa barafu, yenye nyufa ambazo theluji mpya huzifunika zisionekane. Kabla hata hujavaa skii, unatoka kituo cha Aiguille du Midi, kwenye mita 3,842, na kushuka kwa miguu ukingo mwembamba huku umefungwa kamba pamoja na mwongozaji wako, nyumba za Chamonix zikionekana kama punje za mchele chini ya kisigino. Kumbuka pia kwamba Kilimanjaro uliambiwa "pole pole" kwa siku kadhaa, ilhali gari la kamba la Aiguille du Midi hukupandisha kutoka mita 1,035 kwa dakika 20 hivi. Jifunze misimu miwili au mitatu, kisha umlipe mwongozaji mwenye leseni. Siku hiyo usome daraja la hatari ya maporomoko ya theluji, ambalo hutolewa kutoka 1 hadi 5, na ukikuta 3 usijifariji kwamba ni katikati, kwa maana ajali nyingi za kuua hutokea siku za daraja hilo.

Swali: Naweza kufika Zermatt kwa gari langu?

Jibu: Hapana. Unaliacha Täsch, kisha treni ya dakika 12.

Swali: Tuna watoto wa miaka 6 na 9, na hakuna kati yetu aliyewahi kuteleza. Baba yao anataka picha na Matterhorn, ule mlima wa Zermatt. (Stuttgart)

Jibu: Picha mtainunua dukani. Nendeni mji mdogo kama Les Gets, mwendo wa saa moja hivi kutoka Geneva, ambako miteremko ya wanaoanza haina makuu. Baba akiukataa kabisa mji mdogo, chagueni Chamonix, kwa sababu viwanja vya Savoy na Planards viko mjini penyewe, na mtoto akilia kwa baridi mnamrudisha kwa miguu. Ufaransa njia nyepesi kabisa ni za kijani, ilhali Uswisi huanzia buluu, na buluu za Zermatt nyingine zinamtoa jasho mtu mzima. Walipieni mwalimu, msiwafundishe wenyewe. Soksi ni jozi moja tu; mbili hukunjamana ndani ya kiatu, na kufikia saa tano mtoto ana malengelenge.

Swali: Viza yangu ya Schengen imetolewa na Ufaransa. Naruhusiwa Zermatt? (Nairobi)

Jibu: Ndiyo, ilimradi siku zako nyingi ni za Ufaransa kama ulivyoueleza ubalozi. Ila ile bima ya matibabu ya euro 30,000 uliyoambatisha kwenye ombi la viza, isome tena, kwani nyingi za bei rahisi haziugusi mchezo wa theluji, na helikopta ya uokoaji Uswisi hulipiwa na aliyeokolewa.

Swali: Nasafiri na mama yangu, miaka 68, asiyeteleza. Atakaa hotelini juma zima?

Jibu: Mpeleke Zermatt, umnunulie viatu vyenye meno ya kushika barafu, kisha mpande treni ya Gornergrat, iliyoanza kazi mwaka 1898 na kufika mita 3,089. Mkalishe dirishani upande wa kulia wakati wa kupanda.