Usimngoje Jabari afike utosini

Wewe unayeanza kupiga picha za nyota hapa Tanga, vitabu vya Ulaya vitakwambia ungoje kitu kifike juu kabisa, hewa iwe nyepesi. Kwao Jabari, lile kundi la nyota wanaloliita Orion, hapandi sana. Sisi tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na nebula, yaani wingu la gesi, iliyo kwenye upanga wake nayo iko nyuzi 5 kusini ya ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu. Inapita utosini hasa. Darubini yangu ya Dobson, ya kioo cha milimita 150, hukaa juu ya ubao unaozungushwa kwa mkono. Ikielekezwa wima haina pa kuzungukia: unasukuma inagoma, unaongeza nguvu, nyota zimekimbia. Mwaka wa kwanza Januari nzima iliniishia nikiilaumu darubini.

Basi mwahi. Mwanzoni mwa Januari, saa 2 usiku, yuko kama nyuzi 40 juu ya bahari, pazuri kabisa. Ukichelewa, mngoje saa 8 akiteremkia magharibi, upande wa Muheza. Akiwa chini zaidi ya hapo upande wa bahari utapambana na taa za wavuvi, maana giza la mwezi unalolitaka wewe ndilo analolitaka mvuvi wa dagaa. Usigombane naye, yeye yuko kazini.

Usitarajie wekundu wa kwenye picha. Jicho litaona ukungu wa kijivu, pengine na ukijani kidogo, na katikati nyota nne zilizobanana. Hizo ndizo zinazoiwasha ile gesi, miaka ya nuru kama 1,300 kutoka hapa. Kaa gizani nusu saa kwanza, simu mfukoni, kisha tazama pembeni kidogo ya nebula badala ya kuikodolea. Ukungu utatanuka wenyewe.

Kwa kamera iliyo juu ya stendi ya kawaida, lenzi ya milimita 50, wengi husema kila picha iachwe wazi sekunde 10. Mimi sizidishi 6, kwa sababu nyota za karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokwenda mbio kuliko zote. Piga picha 200, programu izipange moja juu ya nyingine. Ongeza chache za sekunde 1, la sivyo kile kitovu kitaungua kiwe doa jeupe.

Kilimia, kile kishada cha nyota, usikipelekee darubini. Kimetanuka mno, utaona kipande tu. Darubini ndogo ya macho mawili, ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), inakionyesha chote.

Halafu umande. Pwani hii unakuja na chumvi yake. Kioo kikilowa, kiache kikauke chenyewe, usikipanguse kwa kanga. Changu kina mikwaruzo mitatu. Kwenye picha haionekani, lakini mimi najua ilipo.