Madeni ya mwaka mzima, pesa za msimu: nilivyomaliza madeni yangu hapa Mtwara

Ushauri mwingi wa bajeti ninaousoma mitandaoni unaanzia kwenye mshahara: chukua kipato cha mwezi, kigawe mafungu, fungu moja lipie deni. Huku Mtwara na Lindi wengi wetu hatuna kipato cha mwezi. Tuna ufuta kuanzia mwezi wa sita, mbaazi zinafuata, kisha korosho minada inapofunguliwa Oktoba. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi Magomeni, Mtwara mjini, na familia yetu ina mikorosho upande wa Nanyamba. Hata cherehani yangu inafuata kalenda ya shamba. Wakulima wakilipwa, vitambaa vinajaa mezani. Ikifika Machi, naweza kushinda naziba viraka tu.

Deni halijui kalenda hiyo. Rejesho linadaiwa Machi sawasawa na linavyodaiwa Novemba, na kwa maoni yangu hapo ndipo watu wa Kusini tunapoumizwa. Tunapewa mikopo iliyopangwa kwa mtu mwenye mshahara au mwenye duka la kila siku, wakati pesa yetu inakuja mara mbili au tatu kwa mwaka.

Madeni yangu yalianza mama alipougua na kulazwa, katikati ya miezi ambayo hakuna anayelipwa. Yakawa manne: deni la simu, mkopo wa mtaani wa marejesho ya kila siku, mkopo wa kikoba, na mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye, kwa mwenye duka la vitambaa. Yote yamekwisha. Naandika kwa sababu naona kina mama pale nilipo wakifunga genge saa ya mkusanyaji kupita, na ninajua usiku wao unakuwaje.

Jambo la kwanza lililonisaidia lilikuwa kuandika madeni yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kuyapanga kwa gharama yake. Ukubwa wa deni usikutishe kwanza. Deni langu kubwa lilikuwa la vitambaa, na ndilo nililokuwa naliota. Lakini mali kauli haina riba. Yule mzee ananidai thamani ya vitambaa vyake, basi, leo na mwezi ujao. Kilichokuwa kinanimaliza ni kile kimkopo kidogo ambacho kila mtu aliniambia ni cha kawaida.

Tukipige hesabu pamoja, maana watu wengi hawajawahi kuonyeshwa. Umekopeshwa shilingi 200,000, unarejesha 8,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 240,000. Afisa atakwambia riba ni asilimia 20, na utaona si mbaya sana. Lakini ile 200,000 huna mkononi mwezi mzima. Siku ya 15 umeshamrudishia 120,000. Ukichukua wastani, pesa yake uliyokaa nayo ni kama 100,000 tu kwa mwezi huo, na umeilipia 40,000. Yaani karibu asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu. Chukua ile kadi ya marejesho yenye vile vyumba vidogo anavyoweka sahihi kila jioni, uhesabu vyumba vilivyobaki, uzidishe kwa rejesho lako. Namba utakayopata ndiyo deni lako halisi, si ile aliyokupa mkononi.

Kwa hiyo nilianza na kausha damu, si vitambaa. Kwa mzee wa vitambaa nilikwenda mwenyewe kabla hajanitafuta. Nikamsalimia, nikamweleza nilipo, nikamwomba nimlipe kidogo kidogo na kilichobaki nimalize korosho zikiuzwa. Alikubali. Mtu unayemdai akija mwenyewe kueleza, moyo unalainika, na hilo nalijua kwa sababu na mimi nina wateja wanaoniomba subira.

Kikoba nacho kilinifaa. Niliomba mkopo kwenye kikundi chetu, ambako riba ni ndogo na tena faida inaturudia wenyewe tukivunja kikundi, nikaenda kufunga kausha damu siku hiyo hiyo. Hapa nasisitiza: siku hiyo hiyo, pesa isilale nyumbani. Na ukishafunga usikubali kuongezewa. Afisa mikopo atakusifu kuwa wewe ni mteja mzuri na sasa unastahili 400,000. Kataa. Kukopa hapa ili ulipe pale kuna maana pale tu deni la ghali linapokufa kabisa. Likibaki hata nusu, sasa unadaiwa sehemu mbili.

Deni la simu linahitaji maneno yake. Katika nchi nyingine watu wanasumbuliwa na kadi za mkopo za benki. Kwetu wenye kadi hizo ni wachache, lakini simu inafanya kazi ile ile. Unataka kulipa, salio halitoshi, inakuuliza kama ikumalizie. Kuna ada ya kuingia, kuna ada ya kila siku, na ukilipa vizuri kiwango chako kinapandishwa. Ubaya wake kwa mtu mwenye bajeti ni kwamba mteja akikutumia pesa, simu inajikata yenyewe kwanza. Mteja ametuma 15,000 ya gauni, inayobaki haitoshi hata kununua uzi na zipu, unakopa tena jioni. Nilichofanya ni kulimaliza lile deni siku mteja mmoja aliponilipa kazi ya sare nzima, kisha nikapiga simu huduma kwa wateja nikaomba nitolewe kwenye huduma ile. Wiki za mwanzo nilikwama mara kadhaa dukani salio likipungua. Nilirudisha bidhaa, nikaenda zangu.

Sasa bajeti yenyewe. Sisi tunapanga kwa msimu, na tunapanga kabla pesa haijaingia. Agosti, mikorosho ikiwa imeshapigwa salfa na maua yanaonekana, ndugu zangu na mimi tunakaa na daftari. Tunakadiria kilo kwa kuangalia mwaka uliopita, tena tunapunguza. Bei tunaiweka ya chini. Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Minada ya kwanza ya msimu wa 2024 ilivuka shilingi 4,000. Katikati yake kuna misimu bei ilikaa karibu 2,000. Anayepanga kwa bei ya mwaka mzuri anakopa Septemba kwa matumaini, halafu mnada unamwumbua. Sisi tunaandika 2,000, tunatoa makato ya chama cha msingi cha ushirika na ushuru, ndipo tunagawa. Mnada ukitoa zaidi, ziada yote inakwenda kwenye deni.

Mgawanyo wetu unaanza na deni, halafu pembejeo na palizi ya mwaka unaofuata, halafu chakula cha kuweka ndani, halafu Januari ya shule. Watu hushangaa pembejeo kuwa namba mbili. Lakini ukikosa hela ya kupulizia salfa mwezi wa sita, utaikopa, na mkopeshaji wa mwezi wa sita ndiye mbaya kuliko wote. Chakula vilevile. Gunia la mchele na debe la maharage lililonunuliwa Desemba limeniokoa Machi na Aprili, wakati duka la mtaani linaandika kwenye daftari lao na bei imepanda. Ada ya sekondari za serikali ilishaondolewa, ila sare, madaftari na michango ipo, na fundi wa sare za shule ni mimi, nawaona wazazi Januari wakiomba nishone kwanza wao watalipa baadaye.

Na kangomba, yaani kuuza korosho mtaani nje ya chama na mnada. Najua tunaizungumza kama biashara ya korosho, lakini kwa anayeuza ni mkopo. Mtu anakupa 50,000 mwezi wa saba kwa ahadi ya kilo 50. Zile kilo 50 mnadani kwa bei ya 3,000 ni 150,000. Umekopa elfu hamsini, umelipa laki na nusu ndani ya miezi mitatu minne. Tena ni kinyume cha sheria, kwa hiyo ukidhulumiwa huna pa kwenda kushtaki. Kama njaa imekubana Julai, bora uende kwa kikoba, au kwa ndugu, au uuze mbuzi.

Kuhusu matumizi, sitawaambia muache kula ming'oko jioni au muache bando. Vitu vidogo hivyo niliviandika kwa mwezi mmoja, nikapunguza bodaboda za safari fupi, basi. Pesa kubwa kwetu inaondoka mahali pengine: wiki za malipo ya korosho. Wafanyabiashara wanakuja toka mbali na makochi, redio, magodoro na nguo, wanapanga mpaka vijijini, kwa sababu wanajua siku pesa zinapoingia benki. Tulikubaliana nyumbani kwamba hakuna kitu kikubwa kinachonunuliwa kwenye malipo ya kwanza. Malipo ya kwanza ni ya deni na pembejeo. Anayetaka kochi aliseme, liandikwe, lisubiri mnada wa baadaye. Mengi yaliyoandikwa hayakununuliwa, na hakuna aliyeyakumbuka.

Kisha kuna unyago, shughuli ya kuwacheza wali, yaani wasichana wanaofundwa. Nasema kama mtu anayeupenda, na anayekula kupitia huo, maana sare za shughuli ndizo kazi yangu kubwa. Lakini shughuli tatu kwa msimu mmoja, kila moja na doti zake, kutunza na nauli, zinamaliza rejesho la miezi miwili. Msimu nilipokuwa nalipa, mama mdogo alinifuata dukani.

"Mwanangu, sare ni doti mbili. Moja ya kuingia wali, moja ya kutoka."

"Mama mdogo, nakuja, na nitatunza. Ila doti mbili mwaka huu sizimudu, nina deni nalimalizia. Nitavaa khanga yangu ya shughuli ya dada, bado ina rangi. Na nguo za wali wote nitawashonea mimi, bila kudai pesa ya ufundi."

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo la kushona ndilo lilikuwa linanikosesha usingizi." Nilishona nguo za wali usiku, na siku ya kutoka hakuna aliyeniuliza doti yangu iko wapi. Ukisema mapema, na ukatoa kile ulicho nacho, watu wako wanakuelewa. Kinachovunja undugu ni kuahidi halafu kutoonekana.

Mwisho, mjue mnayekopa kwake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Kwa 100,000 hiyo ni 3,500 kwa mwezi. Linganisha na kadi yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, nyingine ndizo zile zinazowapigia simu ndugu na majirani kukutangaza. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo tunza ujumbe wa vitisho, usiufute kwa aibu. Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara mjini. Unaweza kwenda na kadi yako ya marejesho na mkataba ukaulize.

Na siku unapolipa rejesho la mwisho, usiondoke na furaha peke yake. Wakopeshaji wengi wa mtaani wanashika kadi ya benki ya mkulima au kitambulisho chake kama dhamana, wengine na namba ya siri wanayo. Dai barua au risiti inayosema deni limekwisha, yenye tarehe na sahihi. Chukua kadi yako mkononi, nenda moja kwa moja benki ubadilishe namba ya siri kabla ya mnada unaofuata.