Lori la Babu Lilitoka Wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu babu aliendesha lori la Leyland. Lilitengenezwa wapi, na huko kwao lilikuwa na wenzake gani?
Msomaji, Temeke

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Leyland ni mji wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Kiwanda kilianza 1896 na magari ya mvuke. Nimefungua injini zake nyingi pale Gerezani. Chuma kizito, nati zinashika kwelikweli, nazipenda mpaka leo! Wenzake, malori ya Foden na ERF, yalitengenezwa Sandbach, Cheshire, huko huko Uingereza. Kabla barabara kuu ya M6 haijapita mlima wa Shap mwaka 1970, malori yalipanda ule mlima kwa gia ndogo kama yetu Kitonga, tena kwenye theluji. Kampuni ya usafirishaji ya Stobart, ya Cumbria, iliyapa malori majina ya wanawake. La kwanza Twiggy. Babu naye aliliandika lake jina gani? Niambie.