Maswali ya Wasomaji: Kukwea Miti kwa Kazi ya Kupogoa na Kuangusha

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni kijana wa Muheza, mkwezi wa minazi niliyefundishwa na mjomba wangu. Siku hizi wenye nyumba wa Tanga mjini huniita niwapogolee miembe na mikungu, na wakati mwingine niangushe miti iliyosimama karibu na paa. Nataka kujifunza kazi hii vizuri kabla sijanunua msumeno wa mnyororo. Je, ukwezi wangu unatosha, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu wa Muheza, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu wengi hununua msumeno kwanza na kutafuta maarifa baadaye. Ukwezi umekupa mambo mawili ambayo ni vigumu kumfundisha mtu mzima: kuzoea kimo, na kutambua mapema kwamba viungo vimeanza kuchoka. Hata hivyo, mkwezi wa mnazi hukumbatia shina moja lisilo na matawi, hupanda kwa vidato au kwa kitanzi cha miguuni, huangua nazi na kushuka. Mpogoaji hukaa juu kwa muda mrefu, husogea kutoka shinani kuelekea nchani mwa tawi, na mikono yake yote miwili imeshughulika na msumeno. Kwa hiyo usalama wake hauwezi kutegemea nguvu ya kushika. Anapaswa kuwa amefungwa mtini kwa namna ambayo, hata akiachia mikono na miguu kwa pamoja, atabaki akining'inia pale pale alipo.

Kifaa cha kwanza ni mkanda wa kukalia, yaani ule unaozunguka kiuno na mapaja na kubeba uzito wa mwili kama kiti. Mkanda wa kiuno peke yake haufai, kwa kuwa mtu akianguka humbana mbavu na kumkata pumzi. Cha pili ni kamba iliyotengenezwa kwa ajili ya kukwelea miti, ambayo kwa kawaida huwa na unene wa milimita 11 hadi 13 na uwezo wa kuhimili kilonewtoni 24, takriban uzito wa kilo 2,400. Katani ni fahari ya mkoa wako, lakini kamba yake huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na kwa sababu hiyo isitumike kubeba mtu. Kamba za plastiki zinazouzwa madukani kwa kufungia mizigo nazo ziachwe kabisa, kwani huyeyuka kwa joto la msuguano, na kazi hii imejaa msuguano. Ongeza kamba fupi ya kiunoni ya kuzungushia shina, karabina (pete za chuma za kuunganishia kamba na mkanda) zinazojifunga zenyewe, kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, miwani na buti. Vifaa hivi ni ghali, nami sitakuficha kwamba huenda vikazidi bei ya msumeno wenyewe. Bado ningekushauri uvinunue kwanza.

Kamba hupitishwa juu ya panda ya tawi hai, karibu kabisa na shina, na tawi hilo liwe na unene wa sentimita 10 au zaidi. Ili kuifikisha huko, mpogoaji hurusha uzi mwembamba uliofungwa kifuko chenye mchanga au risasi, kisha huuvuta pamoja na kamba kubwa. Kabla ya kupanda, wewe na mwenzako ning'inieni kwenye kamba hiyo kwa pamoja mkiwa bado chini. Tawi likilia au kuyumba isivyo kawaida, tafuteni jingine. Kinachokuwezesha kupanda na kushuka ni fundo la msuguano, ambalo hubana kamba likibeba uzito na kuteleza likilegezwa kwa mkono. Fundo la aina hii linalojulikana zaidi lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, aliyelieleza mwaka 1931. Yapo mengine yanayowafaa zaidi wapogoaji, lakini ukilielewa hilo moja utayaelewa yote.

Sasa kuhusu mpangilio wa kujifunza. Usipande juu hadi uweze kufunga mafundo yako gizani bila kubahatisha. Fanya mazoezi ya kupanda, kukaa, kugeuka na kushuka ukiwa umbali wa mita moja kutoka ardhini, bila chombo chochote mkononi, na urudie hadi uchoke. Ukiwa umezoea, panda juu zaidi na ujifunze kuhamisha kamba kutoka panda moja hadi nyingine bila kukaa hata nukta moja ukiwa hujafungwa: kamba fupi hufungwa kwanza, ndipo kamba kubwa ifunguliwe. Baada ya hapo chukua msumeno wa mkono, ambao kwa matawi mengi ya miembe ya mjini unatosha. Msumeno wa mnyororo uje mwisho, na hapo sharti liwe kwamba unaposhika mashine hiyo juu ya mti umefungwa mahali pawili, kwa kamba kubwa na kwa kamba fupi, kwa sababu meno yake hukata kamba kwa kufumba na kufumbua. Kamba fupi yenye waya wa chuma ndani hustahimili zaidi mguso wa meno hayo, ingawa nayo hukatika.

Usifanye kazi hii peke yako kamwe, na msaidizi wako asiwe mtu wa kuokota matawi tu. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa katika muda mfupi, kwa kuwa damu hukwama miguuni. Kwa hiyo aliye chini lazima awe na mkanda wake na kamba yake, na awe amekwisha kujizoeza kupanda na kukushusha. Nimeona vikundi vya watu watano ambamo anayejua kupanda ni mmoja. Kwa maoni yangu, hao hawajawa tayari kupokea kazi ya mtu.

Kuhusu mafunzo rasmi, ulizia Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, na Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi. Kwa kuwa vyuo hivi huelekea zaidi kwenye misitu na mbao, uliza mahsusi kuhusu kozi fupi za msumeno wa mnyororo, na kama kuna mkufunzi wa kukwea kwa kamba.

Jambo moja zaidi ambalo kama mkwezi unalijua nusu. Mnazi uliokufa, hasa ulioliwa na chonga, yule mdudu mharibifu wa minazi, au uliopoteza kilele, usipandwe kwa mazoea. Shina lake huweza kuwa limeoza bila kuonekana. Vivyo hivyo mti wowote wenye uyoga shinani, ufa mrefu, au udongo ulioinuka upande mmoja wa mizizi. Mti wa namna hiyo huangushwa kutoka chini ikiwa kuna nafasi, na watu wote wasiohusika wakae umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Kagua pia nyuki, nyoka na majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini. Majimoto hawaui mtu, lakini mtu anayejipigapiga shingoni akiwa na msumeno mkononi anaweza kujiua mwenyewe.

SWALI: Assalaam aleikum. Nina mwembe mkubwa uani kwangu, Mombasa, na tawi moja limekaribia nyaya za umeme. Kijana aliyekuja amevaa vyuma vyenye ncha miguuni na anasema ataukata kilele chote ili usisumbue tena. Nimruhusu?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Usimruhusu. Vyuma vile hutumika kwa mti unaoondolewa kabisa, kwani kila hatua huacha jeraha kwenye gome, na mti hauponyi jeraha kama ngozi ya mwanadamu: huzungushia sehemu iliyoumia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Jambo hilo lilielezwa kwa kina na Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua miti mingi kwa msumeno ili kuona ndani. Kukata kilele ni kosa kubwa zaidi, kwa maana mwembe utachipua fito nyingi zilizoshikwa kwa udhaifu, ambazo zitakatika kwa upepo wa kusi miaka michache ijayo.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza hukatwa kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi robo ya unene. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, hadi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho kisiki kilichobaki huondolewa nje tu ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Kukata hadi usawa wa shina ni vibaya, na kuacha kisiki kirefu ni vibaya vilevile. Rangi au lami juu ya kidonda haisaidii. Fanya kazi hiyo baada ya kuvuna, na umwonye kijana kuhusu utomvu, maana huunguza ngozi.

Tawi la karibu na nyaya lisiguswe na yeyote hadi Kenya Power wafike au wakate umeme. Mti mbichi hupitisha umeme, na umeme wa msongo mkubwa huweza kumrukia mtu kabla hajagusa waya. Umbali wa mita 3 ndio mdogo kabisa kwa mtu asiye fundi wao.

SWALI: Je, kamba na mkanda mnavyovieleza vinaweza kuwafaa wachumaji karafuu wa Pemba?

JIBU: Ndiyo, kwa sharti moja. Matawi ya mkarafuu huvunjika kirahisi na hayafai kubeba mtu aliyeanguka, kwa hiyo kamba izungushwe kwenye shina kuu na si kwenye tawi. Mchumaji ashushe pakacha lake kwa kamba ya pekee, asilifunge kwenye mkanda wake.